Profesa Kwanini na Mashine ya Chini ya Ngazi

Huyu ni Profesa Kwanini, binti wa fundi saa, mjukuu wa mwenye nyumba aliyewapatanisha wapangaji wawili kwa kuwaachia jiko moja na kikaango kimoja, mdogo wake mshona mapazia, ambaye ni mimi. Ndiye aliyemzuia shangazi yetu asinunue kabati la pili la vyombo wakati la kwanza lilikuwa na vikombe vitatu na panya. Ndiye aliyesimama dukani saa nzima akisoma maandishi ya nyuma ya kopo moja, mpaka mwenye duka akamletea kiti. Ndiye aliyezunguka kaya mia nne na kumi na mbili akiziuliza ugomvi wao wa mwisho ulianzia kwenye kitu gani. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuitwa profesa. Na ndiye wa pekee katika ukoo wetu, nasema bila kumsengenya maana nimemwambia usoni, anayeweza kuunguza maharage yakiwa bado yana maji.

Vyeti vyake vina majina mengine, marefu na ya heshima. Sisi wa nyumbani tulimwita Kwanini tangu ana miaka minne. Ukimwambia vaa viatu, kwa nini. Ukimwambia vua, kwa nini. Baba alizoea saa, ambazo hukaa mezani kimya mpaka zitengenezwe, kwa hiyo kila alipochoka alimwelekeza kwangu: "Nenda kamuulize dada yako, yeye ana majibu." Na kweli nilikuwa nayo. Nilimzidi miaka tisa. Niliishia darasa la saba, nafasi ya pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, nawe jazia mwenyewe.

Mimi nilikaa kwenye cherehani. Nimeshona mapazia miaka arobaini na moja: ya zahanati, ya mahakama, ya ukumbi wa chuo chenyewe. Shule yake yote ilipita chini ya sindano yangu, na siku alipopata nafasi ya chuo nilifunga duka nikamsindikiza mpaka mlangoni. Nilidhani anakwenda kusoma udaktari.

"Sayansikimu," akaniambia.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mambo ya nyumbani, dada. Chakula, mavazi, matumizi, malezi."

"Yaani nimekusomesha miaka yote hiyo ukajifunze kupika?"

"Si kupika tu."

Baadaye nilikuja kuona kwamba kwa upande wake haikuwa kupika hata kidogo. Alifaulu kila kitu isipokuwa vitendo vya jikoni, ambako mwalimu wake aliandika kwamba mwanafunzi ana maswali mengi na moto haumsubiri.

Alichokipenda ni vitu. Namaanisha hivi vitu tunavyovileta ndani, kwa nini tunavileta, na vikishaingia vinatufanyia nini. Kitabu chake kikubwa kimetoka kwenye zile kaya mia nne na kumi na mbili. Aliingia kila nyumba na daftari akauliza swali moja: mara ya mwisho mligombana juu ya nini? Majibu ninayakumbuka kwa sababu nilimsaidia kuyapanga sakafuni. Rimoti. Taulo. Chaja. Sahani yenye ua ambayo mama mkwe alisema ni yake. Kaya moja haikuwa imesemeshana wiki tatu kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Hakukuwa na nyumba hata moja iliyogombana juu ya mipaka ya nchi.

"Unaona, dada," aliniambia akiwa amepiga magoti katikati ya makaratasi. "Watu wanafundisha amani kwa ramani. Mimi nitaifundisha kwa kifuniko."

Akaifundisha. Kozi aliiita Amani ya Nyumbani, na wanafunzi waliijaza mpaka wengine wakakaa madirishani. Wanafunzi wawili wakigombana aliwapa kisu kimoja na vitunguu kumi, akawaambia msirudi mpaka viishe. Hiyo aliichukua kwa bibi yetu, yule mwenye nyumba, ingawa kwenye kitabu haijaandikwa hivyo. Na kila mwanafunzi alitoka na swali lake lile maarufu, ambalo wenye maduka wa mtaa wetu walikuwa wakilisikia tu wanajifanya wanahesabu mzigo. Kwanini akioneshwa kitu kipya, kikaango kisichoshika chakula, au feni yenye taa, alikigeuza, akakirudisha taratibu, akauliza: "Nisipokuwa nacho, nitakosa nini?"

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Tuliishi naye, mimi nikiwa nimeshastaafu, kwenye jengo la wafanyakazi wa chuo. Familia sita, ngazi moja, karo moja la kufulia uani, na kamba moja ya kuanikia. Ofisi ya makazi ilikuwa na faili la malalamiko kwa kila jengo, na la kwetu lilifungwa kwa kamba ya katani kwa sababu lilikuwa halifungiki. Asilimia kubwa ilitoka kwenye karo. Nani kaacha povu. Nani kaanika blanketi kamba nzima. Nani kaazima sabuni akarudisha kipande chembamba kama kucha.

Siku moja nilimpelekea chakula ofisini, nikakaa kwenye kiti cha mlangoni, na ndipo akaingia Mkuu wa Kitivo. Ni mtu wa uchumi wa kilimo, mrefu, mpole wa sauti, na suruali yake ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Alinisalimia kwa adabu, kisha akasimama mbele ya meza ya mdogo wangu.

"Profesa, kikao kinauliza. Hii kozi yako ya amani. Chuo kisipokuwa nayo, kitakosa nini?"

Nilimtazama Kwanini. Swali lilikuwa lake mwenyewe. Ni kama kukutana na mtu barabarani amevaa gauni lako, tena limemkaa.

"Sikuulizi kwa ubaya," Mkuu akaendelea. "Lakini nimepita ofisi ya makazi. Jengo lenye faili nene kuliko yote chuoni ni lile unalokaa wewe, unayefundisha amani. Watu wanacheka, Profesa."

"Nipe muhula mmoja," akasema Kwanini.

"Wa kufanya nini?"

"Wa kulifanya lile faili liwe tupu."

Mkuu akafikiri. "Sawa. Barua za zamani zitolewe leo, tuanze upya. Likiwa tupu mwisho wa muhula, kozi inabaki. Likiwa na barua, kozi inafungwa, walimu wako wanahamia kwangu, na wewe unapumzika mapema kidogo." Akanigeukia. "Chakula kinanukia vizuri, dada. Amepika Profesa?"

"Ningependa umalize muhula ukiwa hai," nikamwambia.

Kwanini hakulala nalo. Wakati huo kila familia kwenye jengo ilikuwa inajipanga kununua mashine ya kufulia ili iachane na lile karo. Yeye akaona hapo hapo ndipo pa kuonyeshea ulimwengu. Mashine sita, kila moja ikikaa bure siku sita kati ya saba. Idara yake ilikuwa na mashine moja ya kufundishia. Akatia saini ikahamishiwa kwetu, kwenye chumba cha chini ya ngazi, akagonga mlango kwa mlango akawaambia majirani: msinunue, tumieni hii, kila familia na siku yake, Jumapili inapumzika. Ratiba akaibandika ukutani. Sisi tulipewa Jumatatu. Jumanne ilikuwa ya Mkutubi wa ghorofa ya pili, mwanamke anayekaa peke yake, aliyezoea maktaba kiasi kwamba hata akikukaribisha chai anakunong'oneza. Jumatano ya Mama Pacha, mke wa dereva wa chuo, ambaye yeye sasa hanong'oni hata msibani. Alhamisi ya Mwalimu wa Fizikia, na nyingine mbili za watu watulivu ambao sitawaingiza humu.

Barua zilikoma, na zilikoma siku ile ile. Mwezi wa kwanza hakuna. Wa pili hakuna. Karani wa makazi alikuja mwenyewe na baiskeli akasimama uani akiangalia madirisha.

"Nimekuja kuona kama bado mnaishi," akasema.

Kwanini alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Ila mimi nakaa nyumbani mchana, naona. Kwenye mlango wa mashine vilianza kubandikwa vikaratasi. Cha kwanza kilisema: *Aliyeacha maji ya rangi ajijue.* Chini yake mtu akajibu: *Amejijua, na anakuombea upone.* Kesho yake ikaning'inizwa soksi moja nyeusi yenye maandishi: *Hii ina mwenyewe, au ni ya serikali?* Kikaja kingine: *Siku ya mtu ni siku ya mtu, hata kama una pacha.* Na cha kukijibu: *Wengine hawana hata wa kumfulia, ndiyo maana wana muda wa kuandika.*

Hiki cha mwisho nilikitoa mwenyewe, nikakichana.

"Kwanini," nikamwambia tukiwa mezani, "watu hawasalimiani humu ndani."

"Hawagombani."

"Sijasema wanagombana. Nimesema hawasalimiani. Mkutubi akisikia mlango wa Mama Pacha anarudi ndani kusubiri apite."

"Dada, huu mwezi wa tatu, faili halina barua hata moja."

"Zamani wale wawili walikuwa wakitukanana kwenye karo asubuhi, saa sita wanashika shuka huyu huku na huyu huku, wanakamua. Shuka zito halikamuliwi na mtu mmoja. Ukishamtukana mtu ilikubidi umuite akushikie ncha ya pili. Sasa mashine inakamua."

Alisogeza sahani yake pembeni. Kisha akasema, "Hiyo siwezi kuiandika kwenye ripoti."

"Kwa nini?"

Akanitazama vibaya sana. Hajazoea kuulizwa.

Basi muhula ukafika ukingoni, ikabaki wiki moja. Mkuu wa Kitivo alitoa taarifa kwamba Alhamisi atakuja yeye mwenyewe na karani na faili, aone hiyo mashine ya amani. Na mimi nikaangalia mapazia yetu. Ni mapazia niliyoshona kwa mikono yangu, kitambaa kizito, mikunjo ya hesabu, manne, kila moja na kulabu kumi na mbili za shaba. Yalikuwa na vumbi. Nikasema Mkuu hatakuja akaona vumbi kwenye pazia la mshona mapazia.

Jumatatu asubuhi nikayashusha. Kwa miaka arobaini na moja, kila binti aliyekuja kujifunza kwangu, neno la kwanza nililomwambia kabla hajagusa sindano lilikuwa: toa kulabu. Pazia halioshwi na kulabu. Nilishawahi kumrudisha binti kwao kwa jambo hilo. Pazia la kwanza nikatoa kulabu. La pili nikatoa. La tatu nikatoa. La nne nilikuwa nimeshalishika mkononi, na Mama Pacha akapita akaniuliza kama ni kweli Mkuu anakuja, na mimi nikamjibu kwa kirefu, maana napenda kuulizwa mambo ya chuo, na nilipogeuka mikono yangu ilikuwa mitupu na mashine inazunguka.

Ilipomaliza ilitoa mlio kama mtu anayesaga meno. Niliyapandisha mapazia juu, nikahesabu kulabu. Arobaini na saba.

Nikahesabu tena. Nikakung'uta kila pazia dirishani. Arobaini na saba.

Jumanne Mkutubi akatia nguo zake. Mashine ikaanza, ikasaga, ikapiga kelele, ikafa. Mlango ukajifunga na nguo na maji yote ndani, na hakuna aliyeweza kuufungua. Mkutubi alisimama mbele ya kile kioo cha mviringo, nguo zake zinamtazama, akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Sikufanya kitu."

Mama Pacha akatokea ngazini. "Kila siku ni hivyo hivyo, mtu hakufanya kitu. Mimi kesho nafua nini, au nivalishe watoto gazeti?"

"Nilibonyeza tu kitufe."

"Ulijaza. Mtu mmoja, nguo za ukoo."

Mwalimu wa Fizikia akashuka akainama, akachungulia. "Hapa kuna mzigo usiolingana. Ukiniuliza mimi, ni uzembe wa mpangilio."

"Hakuna aliyekuuliza," akasema Mkutubi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jengo zima kusikia sauti yake halisi. Kumbe ni nene.

Hapo kila mtu akapanda kwake akaandika barua. Mama Pacha aliandika kurasa mbili. Mwalimu wa Fizikia aliandika nusu ukurasa na mchoro wenye mishale. Mkutubi aliandika kulalamika kwamba analalamikiwa. Hata wale wawili watulivu waliandika. Kufika Jumatano mchana faili lilikuwa na barua tano, na karani alipopita na baiskeli nilimsikia anapiga mluzi.

Na mimi, nikiwa nimekaa pale dirishani nyuma ya mapazia masafi, nilikuwa najua.

Jumatano jioni Kwanini alirudi akakaa mezani na ripoti yake. Hakuwasha hata taa. Juu kabisa alikuwa ameshaandika wiki iliyopita, kwa mkono wake mzuri: *Faili tupu ni kaya yenye amani.* Sasa alikuwa ameshika kalamu hajui aende wapi. Miaka thelathini ya kazi, walimu watatu wa idara, wale wanafunzi wa madirishani, yote yamesimama kwenye tumbo la mashine.

"Dada," akasema. "Jumatatu ulifua mapazia."

"Nilifua."

"Kulabu ulitoa?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Miaka arobaini na moja nashona mapazia. Nimeshona mpaka ya mahakama. Leo mdogo wangu ananiuliza mimi habari za kulabu."

Akainamisha kichwa. "Basi nisamehe, dada. Nimechoka tu."

Angebishana ningekuwa na nafuu. Aliomba radhi, akaenda jikoni, akajaribu kupika ili nipumzike, na tulikula maharage yenye ladha ya moshi, na mimi nikayamaliza yote.

Alhamisi saa nne asubuhi Mkuu wa Kitivo akafika, na karani, na faili likiwa limerudi kwenye kamba yake. Fundi alikuwa ameshaitwa. Tukajazana kwenye kile chumba cha chini ya ngazi kama viatu kwenye kabati. Kwanini alisimama karibu na ratiba yake, ripoti kifuani, ameshajua mwisho.

Fundi akafungua mlango kwa bisibisi. Yakatoka maji ya siku mbili, na harufu yake, yakapita juu ya viatu vya Mkuu. Kisha zikaanza kutoka nguo za Mkutubi, moja moja, fundi akizinyanyua mbele ya watu wote kama mnadani. Mkutubi alitazama sakafu kama mtu anayetafuta ukurasa. Halafu fundi akaingiza koleo nyuma ya ngoma, akavuta, akavuta, akatoka na kitu chembamba kilichopindwa pindwa, cheusi kwa grisi.

"Ndiye huyu mchawi," akasema. "Waya wa sidiria. Kila wiki nautoa mahali."

Watu wote wakamgeukia Mkutubi. Hawakumwangalia usoni. Mama Pacha akatoa mguno mmoja mrefu. Mwalimu wa Fizikia akaanza kuangalia dari. Karani akafungua faili akatoa kalamu, akauliza kwa sauti ya kazi, "Niandike sidiria, au niandike vazi la ndani?"

Ningeweza kunyamaza. Nataka mlijue hilo. Kile kitu hakikuwa na sura tena. Ila Mkutubi aliinua uso, akafungua mdomo, na nikaona kabisa anataka kusema samahani, kwa kitu ambacho hakukifanya, mbele ya Mkuu wa Kitivo, ili tu yaishe.

"Nipe," nikamwambia fundi.

Nikakifuta kwa pindo la kanga yangu. Shaba ikang'aa.

"Hii ni kulabu ya pazia," nikasema. "Ni yangu. Nilifua Jumatatu sikuitoa. Ziko arobaini na saba juu, hii ni ya arobaini na nane. Nilijua tangu siku ile ile, na jana usiku nimeulizwa nikajibu kwa dharau."

Nilimsikia Kwanini akivuta pumzi. Halafu Mama Pacha, taratibu, akasema:

"Wewe, bi mkubwa? Wewe uliyemrudisha binti wa watu kwao kwa ajili ya kulabu?"

"Mimi."

"Binti mwenyewe alikuwa mdogo wangu."

"Najua. Mwambie aje anirudishe kwetu."

Mama Pacha alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mashine. Akacheka Mkutubi, kile kicheko kinene ambacho hatukukijua. Na Mwalimu wa Fizikia, sijui kitu gani kilimsukuma, akakohoa akasema, "Kile kikaratasi cha soksi ya serikali ni mimi niliandika. Na soksi ilikuwa yangu. Niliona aibu kuidai."

"Kile cha kumfulia nilikiandika mimi," akasema Mama Pacha, na hapo hakuwa anacheka tena. Alimtazama Mkutubi. "Nilikiandika nina hasira. Ulikisoma?"

"Sikukiona."

"Basi afadhali."

Sikusema kwamba ni mimi niliyekichana. Kulabu moja kwa siku moja inatosha.

Sasa nguo za Mkutubi zilikuwa chini, zinanuka, na mashine iko vipande vipande. Mama Pacha akazikusanya akazitupa kwenye beseni akatoka nazo mpaka kwenye karo la uani, ambalo miezi mitatu lilikuwa limekauka na mjusi amehamia. Akafungua bomba. Sisi wote tukamfuata, sijui kwa nini, na Mkuu akatufuata na viatu vyake vyenye maji. Shuka la kwanza lilipofuliwa Mkutubi akashika ncha moja, akageuka kutafuta mtu wa ncha ya pili, na aliyekuwa karibu ni Mkuu wa Kitivo.

"Shika hapa, Mheshimiwa," akamwambia. "Zungusha kulia. Mimi nazungusha kushoto."

Akashika. Nadhani hakupata nafasi ya kufikiri. Walikamua, maji yakamwagika, ule mstari wa pasi ukafa mbele ya macho yetu.

"Sikuwa najua linahitaji watu wawili," akasema.

"Nyumbani kwako shuka zinafuliwa na nini?"

"Mashine." Akaendelea kuzungusha. "Kwangu kuna mashine mbili. Na televisheni nne, kila mtu na chumba chake. Hakuna malalamiko hata kidogo." Alipomaliza kusema hivyo alisimama na shuka mkononi, akaliangalia, na sura yake ikawa kama ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Hapo Kwanini akasogea. Alitoa kalamu, akaiweka ripoti juu ya ukingo wa karo, akakata ule mstari wa kwanza kwa mkato mmoja.

"Niliandika kwamba faili tupu ni kaya yenye amani," akamwambia Mkuu. "Ni uongo. Dada yangu aliniambia, sikumsikiliza, kwa sababu nilihitaji faili tupu. Nimefundisha miaka thelathini watu wajiulize watakosa nini wasipokuwa na kitu. Hii mashine nimeileta humu bila kuuliza tutakosa nini tukiwa nayo." Akamkabidhi karatasi ikiwa imelowa. "Barua ni tano. Umezihesabu. Fanya unavyoona."

Karani akauliza kama zile barua bado ni barua.

"Ya kwangu nirudishie," akasema Mama Pacha. "Ila usiichane, nyuma yake niliandika namba ya fundi bomba."

Majibu ya Mkuu yalikuja baada ya siku nne, mstari mmoja na saini, na Kwanini aliniletea nisome mwenyewe kwa sababu hakuamini macho yake. *Kozi ibaki, na iongezewe karo.* Mpaka leo liko, nyuma ya jengo la sayansikimu, na kila mwanafunzi anakamua shuka na mtu asiyempenda. Mashine yetu nayo ilitengenezwa. Nguo ndogo zinakwenda ndani, shuka zinakwenda karo, Jumamosi, watu wote. Faili la makazi lilianza kupata barua tena, fupi fupi. Karani anasema tumepona.

Mwaka huu Kwanini anastaafu, kwa umri wake, si kwa kufukuzwa. Wiki iliyopita alikuja akaniweka mezani ufunguo wa darasa, chaki mpya, na ile kulabu, ambayo alikuwa ameihifadhi kwenye kijisanduku cha saa cha baba muda wote huu, wala mimi nisijue.

"Mwalimu atakayechukua kozi ni mzuri," akasema. "Vitabu ninamwachia yeye. Lakini kipindi cha kwanza cha kila mwaka ni chako."

"Mimi wa darasa la saba?"

"Nafasi ya pili."

"Nitawafundisha nini watu wa chuo kikuu?"

"Utaingia, utaweka hii mezani, utawaambia ni yangu, sikuitoa, na nilipoulizwa nilijibu kwa dharau. Basi. Halafu unyamaze, wao wataendelea."

Niliigeuza ile kulabu. Bado imepinda.

"Kipindi ni dakika ngapi?"

"Hamsini."

"Hayo maneno ni ya dakika moja, Kwanini."

"Nakujua, dada," akasema. "Hamsini hazitakutosha."